Ngome Isiyokuwa na Kisima

Silvano hakuwa na baiskeli. Hakuwa na shamba, kwa kuwa mikorosho ya marehemu baba yake ilichukuliwa na watoto wa dada zake baba, kama ilivyo desturi ya Wamakua. Hakuwa na cheti cha darasa la saba. Hakuwa na saa ya mkononi, wala mjomba aliye hai wa kumsemea mbele za watu, wala picha yake hata moja. Na kwa miaka yake yote ishirini na tisa hakuwahi kupanda kwenda Newala, ingawa magari ya huko yalipita kila siku mbele ya ghala la Masasi alipofanya kazi ya kushona magunia ya korosho.

Hayo yote Silvano mwenyewe alimhesabia Dominika, msichana wake, Ijumaa moja ya mwezi wa kumi, mwaka wa tisini na tatu, wamesimama kwenye kibaraza ambapo Dominika alikuwa akijifunza cherehani kwa mama yake mdogo. Alihesabu kwa majivuno, kama msafiri anayeonyesha umbali aliotembea kwa miguu.

"Umesahau viatu," Dominika akasema.

"Viatu ninavyo."

"Tangu lini?"

"Tangu jana jioni."

Dominika akainama akavitazama, akacheka. Vilikuwa viatu vyeusi vya mtumba, vya ngozi, vyenye ncha kali mbele. Miaka hiyo mambo yalikuwa yamefunguliwa. Watu binafsi waliruhusiwa kununua korosho, wenye malori wakaja kutoka Dar es Salaam, na marobota ya nguo yakapasuliwa sokoni hadi watu wakaanza kusahau foleni za duka la ushirika. Kijana asiye na kitu alianza kuamini kwamba kutokuwa na kitu ni ugonjwa unaopona.

Dawa aliyoichagua Silvano ilikuwa kusoma. Kila jioni alipotoka ghalani alinawa vumbi la magunia, akaenda darasa la watu wazima, akaketi benchi la mbele. Mwalimu wao, Cecil, alimwazima kitabu cha historia kilichopoteza jalada, na ndani yake mlikuwa na picha ya ngome ya kale ya Ulaya, imekaa juu ya kilima kama kuku juu ya mayai, ina minara, ina daraja la kuinua kwa minyororo. Silvano aliitazama picha ile mpaka karatasi ikalainika. Basi aliposikia kwamba Newala kuna boma la mawe la wakati wa Wajerumani, limejengwa kwenye ukingo wa uwanda pale ardhi inapokatika ghafla na kuteremka kuelekea bonde la Ruvuma, akasema hiyo ndiyo ngome yake. Akaahidi mbele ya darasa zima kwamba atakwenda kuipima, kuiandika, na kupigwa picha mbele yake.

Dominika alikuwa mzaliwa wa huko juu. Alimwambia kwamba boma analijua tangu utoto na haliendi popote. Ila mama yake anataka kumwona. Watashuka kwanza nyumbani, apumzike, ndipo waende bomani. Mama akimpenda, neno litafika kwa mjomba wake aliyeko Kitangari, na kwao mjomba ndiye anayesema ndiyo au hapana.

"Lakini mjomba wangu," Dominika akaongeza, "husema kile ambacho mama ameshamnong'oneza."

"Mbona huo ni mtihani?"

"Ni mtihani. Na hauna kitabu."

Silvano akacheka, akamwambia mitihani haijawahi kumshinda.

Kesho yake, Jumamosi, walipanda lori la Kurwa, kijana wa Masasi aliyejulikana barabara ile yote kwa kubeba watu, magunia na barua za watu. Lori lilipanda mlima likiguna, na vumbi jekundu likawafunika hata kope. Saa nne asubuhi wakashushwa pembeni mwa mji wa Newala, Silvano akivitazama viatu vyake kwa uchungu. Vilikuwa vimegeuka rangi ya matofali.

Mama yake Dominika aliitwa Mama Alfredi, kwa jina la mwanawe wa kwanza aliyefanya kazi Mtwara. Alikuwa mwanamke mwembamba, shingo imenyooka, si msemaji sana. Silvano alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaulizwa habari za njia, za kazi, za mama yake mzazi. Kila kitu kilikwenda vizuri. Kisha mama akamwambia maji ya kuoga yapo uani.

Uani, ndani ya ua wa nyasi, palikuwa na ndoo moja imejaa, na kopo limeelea juu yake. Silvano hakuwaza lolote. Masasi alikopanga, kisima kilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni, na ndoo moja kwake ilikuwa ya mtu mmoja kuoga. Akaoga vizuri, akajimwagia kichwani mara mbili. Akafua pindo za suruali. Akachukua kitambaa, akaosha viatu, kimoja baada ya kingine, mpaka vikang'aa. Maji yaliyobaki yalikuwa na povu, akayamwaga chini ya mpapai.

Alipotoka, Mama Alfredi alitazama ndoo, kisha akatazama viatu.

"Umependeza, mwanangu," akasema.

Dominika alifungua mdomo aseme neno. Mama yake akamwangalia mara moja tu, naye akaufunga. Kwa watu wale, mgeni haambiwi kwamba maji ni machache. Kumwambia hivyo ni sawa na kumwambia arudi alikotoka. Silvano aliliona lile tazamo, akadhani wanasifiana kimya kimya kwa ajili yake. Mama akawaambia waende wakaone boma bila haraka, watakuta chakula. Walipokuwa wanatoka, Silvano alimwona anasokota ngata ya kitambaa na kuiweka kichwani.

Boma lilimvunja moyo kidogo alipoliona kwa mbali. Halikuwa na minara wala daraja la kuinua. Lakini alipofika karibu na kuweka kiganja kwenye ukuta, akahisi baridi ya mawe na unene wake, akaona matundu membamba ambayo mtu angeweza kupitisha mtutu na kumwona adui bila kuonekana, moyo ukamrudia. Mlinzi wa mahali pale alikuwa mzee Sultani, ameketi kivulini anasuka kamba. Mpiga picha mmoja, Mujibu, alikuwa amesimamisha kamera yake ya miguu mitatu, akiwangoja watu wa Jumamosi.

Silvano akatoa daftari. Akapima ukuta kwa hatua, upande kwa upande. Akapima mlango kwa shibiri. Akamuuliza mzee Sultani maswali, na mzee alipojibu, mara nyingine akamsahihisha kwa upole, kwa kuwa kitabu kilisema vingine. Dominika alikaa juu ya jiwe, akamngoja. Jua likapanda, saa sita ikapita. Alimkumbusha mara moja kwamba nyumbani wanangojwa, Silvano akamwambia bado jambo moja.

"Mzee," akasema, "kisima kiko wapi?"

"Kisima gani?"

"Cha ngome. Kitabu kinasema ngome ya juu ya kilima lazima iwe na kisima ndani. Isipokuwa nacho, adui hana haja ya kupiga hata risasi moja. Anakaa chini, anakula, anangoja kiu imfanyie kazi."

Mzee Sultani akaweka kamba chini.

"Kitabu chako kimesema kweli. Kisima kipo. Njoo nikuonyeshe."

Akampeleka nyuma ya boma, mahali ambapo uwanda unakwisha kama meza. Chini yao bonde lilitandaa hadi macho yakachoka, bluu, na mbali kabisa ng'ambo ya mto nchi ya watu wengine. Mzee akanyoosha kidole si huko mbali bali hapa chini, kwenye mteremko wenyewe. Njia nyembamba ilipinda katikati ya miba na mawe. Juu yake watu wadogo kama sisimizi walikuwa wanapanda kwa mstari, mmoja nyuma ya mwingine, kila mmoja na kitu kichwani.

"Kile pale. Kisima cha boma hili ni vichwa vya wanawake. Mjerumani aliwapandisha, Mwingereza akawapandisha. Ikaja mitambo ya maji, ikawapumzisha. Leo mitambo inakohoa hewa, wanapanda tena. Bibi yangu alipanda hapa na mtungi akiwa na mimba ya baba yangu. Andika hilo."

Silvano akaandika. Kwa mwandiko wake mzuri wa kulala, akaandika: Kisima, hakuna, maji huletwa na wanawake. Akapiga mstari chini yake.

Dominika alikuwa amesimama kando yake. Hakuwa anatazama daftari.

"Yule wa tano," akasema. "Mwenye kanga ya njano."

"Amefanya nini?"

"Ni mama."

Silvano akakaza macho. Aliona njano ndogo inasogea, inasimama, inasogea tena.

"Mama? Si tulimwacha nyumbani?"

"Tulimwacha na ndoo tupu. Aliteremka tangu jogoo wa kwanza akaileta ile. Ilikuwa yako ya kuoga, makopo mawili matatu kama wanavyooga wageni wengine. Iliyobaki ilikuwa ya kupikia na ya kunywa. Sasa ameteremka tena."

Silvano akainamisha macho. Akaviona viatu vyake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Mgeni haambiwi. Sasa nimekuambia, kwa hiyo wewe si mgeni tena." Akamshika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya watu. "Twende tukampokee. Njia inatokea hapa chini ya ukuta. Tukishuka sasa tutamkuta kabla ya kona ya mwisho, ile kali kuliko zote. Utamtua ndoo, basi. Huna haja ya kusema neno."

Sasa hapo ndipo palipokuwa na mtihani wote, na Silvano alilijua swali. Hakuna aliyemficha kitu tena. Lakini palikuwa na vijana watano wa mjini wameegemea ukuta, wanavuta sigara. Palikuwa na wasichana wawili wanaongoja kupigwa picha. Akajiona anapanda kutoka bondeni na ndoo ya mwanamke kichwani, maji yanamchuruzika shingoni, suruali imejaa miba, na wale vijana wanapiga miluzi. Na Mujibu akamwita wakati huohuo, kwamba jua limekaa sawasawa, likisogea uso wake utakuwa kivuli kitupu.

"Ngoja tupigwe picha kwanza," Silvano akasema. "Dakika tano tu."

"Kona iko mbele yake sasa hivi, Silvano."

"Na tena, fikiria. Mwanamume kubeba ndoo mbele ya watu wote hawa, siku ya kwanza tu?"

"Siku ya kwanza ndiyo siku yenyewe."

Akauachia mkono wake. Akavua kandambili akazishika, akashuka ile njia peke yake, upesi, kama mtu aliyezoea. Mujibu akainua kichwa kutoka kwenye kamera.

"Shemeji anaondoka? Nipige wawili au mmoja?"

Silvano angeweza bado kugeuka. Mteremko haukuwa mrefu hadi pale.

"Mmoja," akasema.

Akapigwa picha.

Chakula cha mchana kililiwa kwa adabu. Ugali ulikuwa wa moto, kisamvu kilikuwa cha nazi, na kando ya sahani palikuwa na bilauri ya maji imejaa hadi mdomoni. Mama Alfredi alimkaribisha aongeze, akamuuliza kama boma limempendeza. Silvano akaeleza vipimo vya ukuta. Maneno mengine, yale ya lazima, yalimkwama. Alitafuta mwanzo wake na hakuupata, na kila dakika iliyopita ilifanya mwanzo uwe mgumu zaidi. Dominika alikula jikoni. Honi ya lori la Kurwa ilipolia alasiri, alimwambia Silvano kwamba yeye atabaki siku mbili tatu amsaidie mama kuteka maji. Mama akampa Silvano kifurushi cha korosho za kukaanga, akamwambia awasalimie Masasi.

Zile siku mbili tatu zikawa wiki. Kurwa akaleta picha kutoka kwa Mujibu, na kikaratasi kilichokunjwa mara nne:

"Silvano, mama anauliza kama ulifika salama. Mimi nipo. Dominika."

Ilikuwa mistari miwili, na mtu mwenye akili ya kawaida angejibu kwa miwili. Silvano alijibu kwa kurasa tatu. Aliandika kwanza kwenye daftari, akasahihisha, akanakili kwenye karatasi safi, na ile nakala ya daftari akaitunza, kama alivyotunza nakala za barua zake zote. Aliandika kwamba, kwa kuwa hakuarifiwa mapema kuhusu uhaba wa maji, haki hairuhusu ahesabiwe kosa. Aliandika kwamba mila zinazomficha mgeni ukweli zinafaa kutazamwa upya katika zama hizi za mabadiliko. Aliandika kwamba kumwacha mchumba peke yake mbele ya mpiga picha ni jambo la kufedhehesha, lakini yeye amelisamehe. Akaitia barua ndani ya bahasha pamoja na ile picha, kama zawadi.

Hakupata jibu. Akaandika nyingine, fupi, kuuliza kama ile ya kwanza ilifika. Kurwa akamwambia imefika, yeye mwenyewe aliiweka mkononi mwake. Silvano akangoja. Nauli ya kupanda alikuwa nayo, Jumamosi alikuwa nazo. Ila alijiambia kwamba aliyekosewa ndiye hungoja kufuatwa, na kila Jumamosi ilipopita alijisifu kwa msimamo wake.

Wiki ya tano, katikati ya msimu, ghala limejaa hadi darini, akainua macho kutoka kwenye gunia akamwona Dominika amesimama mlangoni. Amekonda kidogo. Mkononi ana kifurushi cha vitambaa vyake, amekuja kuvichukua kwa mama yake mdogo.

Silvano akatoka nje, sindano bado mkononi.

"Umerudi," akasema.

"Nimekuja kuaga. Mjomba amepokea posa."

"Ya nani?"

"Ya Reginald. Anatengeneza mashine za kusaga, Kitangari."

"Amesoma?"

Dominika akamkazia macho.

"Hilo ndilo swali lako la kwanza?"

Silvano akaizungusha sindano vidoleni.

"Ana pumu," Dominika akasema. "Akicheka sana anakohoa, na anapenda kucheka. Ndivyo alivyo. Harusi mwezi wa kwanza."

"Unampenda?"

"Nitampenda. Itakuwa kazi, lakini kazi naiweza. Wewe nilikupenda bila kufanya kazi."

Wapakiaji walikuwa wanapita na magunia mgongoni, wanawazunguka. Mmoja alitaka kutania, akaona nyuso zao, akaendelea na gunia lake.

"Ungeniambia tu umekasirika," Silvano akasema. "Ningekuja."

"Sikukasirika. Kama ningekasirika ningekuandikia. Na mama hakukasirika kabisa. Mjomba alipomuuliza habari zako, alisema wewe ni kijana msafi." Dominika akakaza fundo la kifurushi. "Mimi ndiye niliyemwambia mjomba apokee posa. Nilisubiri wiki tano, Silvano. Nilisoma kurasa zako tatu mpaka nikazikariri. Nilikuwa natafuta mstari mmoja."

"Mstari gani? Niambie. Nitauandika sasa hivi."

"Nikikuambia, utauandika kwa sababu nimekuambia."

Akampa mkono, kama watu wazima wanavyoagana, akaondoka kwa njia ya sokoni. Silvano akarudi ndani akashona. Siku ile alijidunga vidole mara tatu.

Jioni alikwenda darasani kwa mazoea tu. Mwalimu Cecil alikuwa amewapanga wawili wawili, aliyetangulia na anayefuata, na Silvano alipangiwa Mama Muharami. Huyo alikuwa mwanamke wa Kiyao wa miaka hamsini na kitu, mpika vitumbua, aliyeanza kusoma mwaka ule kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, amechoka kusomewa barua na watu wanaoruka mistari.

"Leo usinipe kile kitabu cha mbolea," akamwambia Silvano. "Nimeshajua mbolea. Nipe kitu cha mtu."

Silvano, kwa uchungu na kwa kiburi kilichobaki, akamfungulia daftari mahali penye nakala ya barua. Moyoni alitaka mtu mmoja duniani aisome na kusema kwamba alikuwa na haki. Akamweleza kwa kifupi kisa chote, ndoo, boma, mstari wa wanawake mteremkoni, picha. Mama Muharami akaweka kidole chini ya neno la kwanza.

Alisoma polepole sana. Kila neno alilivunja, akalijenga, akalitamka upya kwa ushindi. Maneno makubwa ya Silvano yalikuwa marefu, na katika kinywa kile yalizidi kurefuka. Haki hairuhusu. Zama za mabadiliko. Kufedhehesha. Silvano alianza kuona aibu kabla hajajua kwa nini. Wenzao walimaliza, wakaondoka mmoja mmoja, na Mama Muharami alikuwa bado ukurasa wa pili. Alipofika mwisho alirudi mwanzo, akapitisha kidole upya, upesi kidogo, kama anatafuta sindano kwenye mkeka.

"Mwanafunzi mwenzangu," akasema, "labda ni macho yangu. Mimi bado mgeni wa herufi."

"Umesoma vizuri, Mama Muharami."

"Basi nionyeshe. Umo wewe. Yumo binti wa watu. Mila zimo, serikali nayo naona imo hapa karibu na mwisho. Mama wa watu yuko wapi?"

Silvano akavuta daftari. Akasoma mwenyewe, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Mama hakuwamo. Hata jina lake halikuwamo. Mwanamke aliyeteremka bondeni mara mbili kwa siku moja na kupanda mara mbili, katika kurasa tatu zenye nukta na mikato yote mahali pake, hakupewa hata salamu.

"Hayumo," akasema.

"Aa. Nilidhani nimeruka mstari." Mama Muharami akajifunga kanga vizuri, akakusanya vitu vyake. "Kesho unipe nyingine. Hii imenichosha."

Silvano alibaki benchini. Alielewa sasa mstari uliosubiriwa, na alielewa pia kwamba umechelewa. Mjomba akishapokea posa, neno limeshakwisha. Hakukuwa na kitu cha kushinda. Akafikiri kwamba basi hakuna haja ya kuandika. Kisha akaona kwamba hilo nalo ni wazo la mtu yuleyule aliyesema "mmoja".

Kulipokucha aliomba ruhusa ya saa moja ghalani. Akanunua karatasi na bahasha, akaketi kwenye benchi la mama ntilie karibu na stendi, akaandika moja kwa moja bila daftari, bila nakala.

"Mama Alfredi, shikamoo.

Mimi ni Silvano niliyekuja kwako siku ya boma. Siku ile uliteremka bondeni mara mbili kwa ajili yangu. Mara ya kwanza sikujua. Mara ya pili nilikuona kutoka juu, nikaambiwa ni wewe, nikaambiwa nije nikutue ndoo. Nikabaki kupigwa picha. Wala si kwamba sikujua mila. Nilikuwa nimeshajua, nikaona aibu ya watu nisiowajua.

Kisha nikala chakula chako na sikusema asante ya maji.

Dominika hakukosa lolote. Alinishika mkono nikamwacha ashuke peke yake. Siombi jambo, na barua hii haihitaji jibu. Nawatakia heri ya harusi. Nisamehe, mama.

Silvano."

Aliisoma mara moja. Kulikuwa na neno moja amelifuta na kulirudia, akaliacha vilevile. Alijua kwamba Mama Alfredi hajui kusoma. Mle nyumbani kabla ya mwezi wa kwanza msomaji alikuwa mmoja tu, Dominika. Atakaa kwenye kigoda, atafungua, atadhani ni zile habari za haki na zama; kisha atalazimika kuitamka yote kwa sauti yake mwenyewe, mstari kwa mstari, mama yake akisikiliza. Silvano akaishika ile bahasha tupu. Akafikiri aiweke mpaka baada ya harusi, asije akaitia nyumba ya watu majonzi. Lakini mama alikuwa amengoja wiki tano bila kujua kwamba anangoja, na deni la heshima halitazami kalenda ya mwenye kulipa.

Akaikunja. Gundi ya bahasha ilikuwa imekauka kwa kukaa dukani. Akamwomba mama ntilie uji mzito kidogo kwenye ncha ya kijiko, akapaka ukingoni, akafunga, akakandamiza kwa kiganja.

Kurwa alikuwa anazungusha mtarimbo wa kuwashia lori. Akaipokea, akaigeuza asome nje.

"Ya Dominika hii?"

"Ya mama yake."

"Makubwa. Ningoje jibu?"

"Hapana. Mpe mkononi, umwamkie kwanza."

Kurwa akaichomeka kwenye kibao cha kukinga jua juu ya usukani, pamoja na barua nyingine za watu wa juu. Injini ikashika, watu wakapanda, lori likatoka stendi likachukua barabara ya mashariki. Silvano akasimama pale na kiganja kimenata uji, mpaka mama ntilie akamwuliza kama atakunywa uji au ameujia kwa gundi tu.